Wanafika kwa Namungo, kwa Mkapa hawafiki

NANGANGA. Kila shabiki aliyewahi kuifuata timu yake Ruangwa amepita hapo, hata kama alikuwa amelala. Basi likitoka Dar es Salaam usiku, likavuka Rufiji, likapita Nangurukuru na Mingoyo, likaziacha Mtama na Nyangao nyuma, dereva akifika Nanganga hukata kulia. Huko mbele kuna Uwanja wa Majaliwa, kuna Namungo, kuna pointi tatu za kugombania.

Wanaonyoosha ni wachache. Ukinyoosha unaikuta Ndanda, kisha Masasi, kisha Newala juu kule ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Na katika wilaya hiyohiyo ya Masasi kuna Lupaso, kijiji alikozaliwa na alikozikwa Benjamin William Mkapa, mtu ambaye jina lake linatajwa na mashabiki wa nchi hii kila wiki kuliko la kocha au mshambuliaji yeyote.

Muulize shabiki kwa Mkapa ni wapi, atakuambia Temeke. Na hajakosea, kwa sababu ndiko uwanja uliko. "Kwa Mkapa hatoki mtu" ni kauli ya mashabiki wa Simba iliyovuka mipaka ikawafikia hadi Waarabu wa Cairo. Watani wao wa Jangwani nao wana usiku wao wa kukumbukwa palepale. Lakini kwa Mkapa kwenyewe, nyumbani, hatoki mtu kwa sababu hafiki mtu.

Na nafasi ya kufika ipo. Tangu Namungo ipande Ligi Kuu mwaka 2019, Simba, Yanga, Azam na wengine wote wanalazimika kushuka Kusini walau mara moja kila msimu. Mashabiki wanawafuata kwa mabasi, kwa noah, kwa magari binafsi. Wanatumia usiku mzima barabarani, wanakaa uwanjani dakika 90, wanageuza. Wakirudi mjini ukiwauliza Kusini kukoje, wanakuambia kuna vumbi, mwamuzi alikuwa wa hovyo na soda ilikuwa ya moto.

Julai 2020 Simba walikabidhiwa kombe lao la ubingwa hukohuko Ruangwa. Mnyama alijaa mji mzima. Siku chache baadaye, Julai 24, Mzee Mkapa akafariki dunia. Kwenye kumuaga pale Uwanja wa Uhuru, Rais John Magufuli akatangaza kwamba Uwanja wa Taifa, uliojengwa kwa msukumo wa marehemu na kufunguliwa mwaka 2007, ule wa watu 60,000 ambao watu walizoea kuuita "kwa Mchina", sasa utaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Julai 29 akazikwa Lupaso. Walioshangilia kombe Ruangwa mwezi uleule walikuwa wamepita jirani kabisa na kijiji hicho, wakakata kulia, wakarudi walikotoka.

ATTIÉKÉ SAWA, MUHOGO HAPANA?

Jambo lenyewe linachekesha ukiangalia jinsi shabiki wa Kitanzania anavyobadilika akivuka mpaka. Yanga walipokwenda Algiers kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Juni 2023, waliosafiri nayo walirudi na hadithi za kuskusi na ngazi za Kasbah. Taifa Stars ilipokuwa Ivory Coast Januari 2024, ikacheza San Pedro na Korhogo, waliokuwa huko walikutana na attiéké. Nayo attiéké ni nini? Ni muhogo. Umekunwa, umechachushwa, umepikwa kwa mvuke, unaletwa na samaki wa kukaanga na kachumbari. Mtu anaupiga picha, anaweka status, anaandika "utamu wa Abidjan".

Mtu huyohuyo mpeleke Masasi, mwekee ugali wa muhogo na kisamvu kilichotwangwa kwenye kinu, atakuuliza kama hakuna chipsi mayai.

Siyo kwamba chipsi mayai ni dhambi. Ni kwamba umesafiri takriban kilomita 600 kuja kula kitu ambacho kipo mlangoni kwako Manzese. Ugenini timu inalazimika kucheza kwenye nyasi za mwenyeji, kwa joto la mwenyeji, na kelele za mwenyeji. Shabiki ndiye pekee anayekuja ugenini na akafanikiwa kubaki nyumbani.

RATIBA YA LIGI NI RATIBA YA CHAKULA

Kusini hakuna menyu moja ya mwaka mzima. Unachokula kinategemea bodi ya ligi imekupangia mechi lini, na hili ndilo wageni wengi hawalijui.

Timu yako ikicheza huko mwanzoni mwa msimu, Agosti au Septemba, kiangazi kimekolea. Huo ni wakati wa ming'oko. Ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba na virefu kama vidole vya mzee, ambavyo havipandwi na mtu. Wanawake na watoto wanaingia porini na jembe, wanaufuata mtambaa uliokwisha kunyauka, wanachimba mpaka waufikie mzizi. Inachemshwa na ganda lake kwa chumvi, inauzwa kwa mafungu stendi na barabarani. Unamenya kwa kidole huku unatembea. Ladha yake iko kati ya kiazi kikuu na muhogo, ina nyuzinyuzi kidogo, na ukianza fungu la kwanza la pili linajinunua lenyewe.

Kwa wazee wa Masasi na Newala, ming'oko si kitafunwa tu. Ilikuwa ndiyo mlinda mlango wa mwisho. Mvua zikigoma, ghala likiisha, beki zote zikipitwa, ming'oko ilibaki golini. Kuna watu wazima leo wenye familia na nyumba za bati ambao utotoni walivuka miezi kwa viazi hivyo. Ndiyo maana ukimwona bibi anakuuzia ming'oko halafu wewe unaicheka, anakutazama kwa namna fulani hivi ambayo huwezi kuielewa mpaka uambiwe. Na kwa kuwa haipandwi, msitu ukifyekwa ili mikorosho isogee, ming'oko nayo inarudi nyuma. Anayeila leo stendi ya Masasi anakula kitu ambacho wajukuu wake huenda wakasimuliwa tu.

Mechi ikiangukia Oktoba au Novemba, sahau ming'oko. Hapo umeingia msimu wa korosho na kila kitu kinabadilika, kuanzia harufu ya hewa hadi mfuko wa mwenyeji. Mikorosho imezaa mabibo mekundu na ya njano, kila moja likining'iniza korosho yake kwa chini. Mgeni anadhani tunda ni lile bibo na korosho ni kokwa lililokosea njia. Bibo linaliwa papo hapo shambani: linajaa maji, ni tamu, kisha linakukaba koo kwa ukakasi. Onyo moja kwa wenye jezi, maji ya bibo yakidondokea nguo yanaacha doa ambalo halitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Jezi nyekundu inaweza kuficha aibu. Ya njano haina ujanja.

Mabibo yakikamuliwa na kuachwa yachachuke yanakuwa uraka, kinywaji ambacho kwa wakulima wengi ndiyo sherehe ya mavuno. Uraka ukipikwa ukakenekwa unakuwa nipa. Hiyo ni gongo, sheria inaikataza, na shabiki mwenye safari ya kurudi Dar usiku aiache ilipo. Wako waliokuja kushangilia wakaamka mechi imeisha.

Korosho yenyewe ndiyo watu wanadhani wanaijua kwa sababu wameinunua dirishani mwa basi. Kaa robo saa na mama anayekaanga uone. Anaweka korosho ghafi kwenye bati au kikaango chenye matobo juu ya moto, mafuta ya ganda yanatoka, yanawaka, moshi mweusi unapanda, yeye anageuzageuza na mti mrefu huku amekwepesha uso. Mafuta yale yanaunguza ngozi. Zikishaungua ganda anazimwaga mchangani zipoe, kisha anaanza kubangua moja baada ya moja kwa kipande cha mti au jiwe, bila kuivunja iliyo ndani, kwa sababu iliyovunjika bei yake inaanguka. Angalia mikono yake, halafu ndiyo uanze kubishana bei ya pakiti.

Jambo moja la kuchunga: nunua zilizobanguliwa. Korosho ghafi zina njia yake ya kuuzwa, zinapitia vyama vya msingi, maghala na minada ya vyama vikuu kama Mamcu kwa upande wa Masasi na Tanecu kwa Tandahimba na Newala. Anayenunua ghafi kienyeji kwa kipimo cha bakuli anaitwa kangomba, na kangomba hana rafiki polisi.

Desemba na Januari ni maembe. Masasi maembe hayauzwi, yanaondolewa njiani. Mvua za kwanza zikipiga, kumbikumbi wanatoka, wanakamatwa kwenye taa, wanakaangwa bila tone la mafuta kwa sababu mafuta wanayo wenyewe. Na ligi ikifika ukingoni, Mei na Juni, wakati wenzako wanahesabu pointi za ubingwa au za kushuka daraja, mashambani kuna mbaazi. Mbaazi mbichi zinachemshwa na maganda yake, unazivuta kwa meno. Zile kavu zinapikwa rojo la nazi. India, mnunuzi mkubwa, ilipobana uagizaji wa mbaazi mwaka 2017 bei ilianguka vibaya na wakulima wa huku wakabaki nazo. Sufuria hazikulalamika.

Ugali wa muhogo hauna msimu. Muhogo unamenywa, unaanikwa mpaka unakuwa makopa, unatwangwa unga. Ugali wake unavutika, una ubaridi fulani kooni, na unataka mboga yenye mchuzi mzito. Mboga za majani huku zinaungwa kwa karanga au nazi, na kwenye nyumba zenye mikorosho zinaungwa kwa korosho zilizotwangwa. Ukibahatika kukaribishwa kwenye hiyo ya korosho, kula polepole. Mjini hiyo sahani ungeandikiwa bei ya kukutoa jasho.

SAMAKI NCHANGA

Sasa tufike pale ambapo mashabiki hupenda kufika haraka. Panya.

Timu ya Kusini ikicheza Dar, lazima jukwaani atoke mtu wa kupiga kelele kuhusu panya. Ni utani, na mpira bila utani ni mazoezi. Lakini wengi wanaotania hawajui wanachokitania. Wanadhani ni huyu panya wa kwenye dari la Buguruni, anayekula sabuni na waya. Siye. Wanaoliwa ni panya wa mashambani, wanaokula nafaka na mizizi, wanaotegwa au kuchimbwa kwenye mashimo yao hasa baada ya mavuno wanapokuwa wamenona. Wanapasuliwa, wanasafishwa, wanababuliwa manyoya, wanachomekwa kwenye vijiti na kukaushwa kwa moshi. Wenyewe wamempa jina la heshima na la kiutani kwa pamoja: samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani.

Jina hilo lina akili ndani yake. Uwanda wa Makonde hauna mto wala ziwa juu yake. Aliye pwani anavua baharini, wa Mwanza anavua ziwani, wa Newala anavua kwenye mchanga. Nchini Malawi panya wa vijiti wanauzwa kando ya barabara kuu, abiria wananunua kupitia dirishani, na hakuna anayepiga kelele jukwaani.

Si lazima kila shabiki amle. Hata Kusini kwenyewe wako wasiomgusa, wengine kwa imani ya dini, wengine kwa sababu hawampendi tu. Lakini kuna tofauti kati ya kukataa sahani na kumdhihaki mwenye sahani. Vijana kadhaa waliotoka mikoa ya Lindi na Mtwara kwenda mjini wamejifunza kuficha walichokula kwa bibi yao, kama vile ni kosa. Hapo utani unakuwa umeotea, ila hakuna mshika kibendera wa kuinua bendera.

CHINI YA MLIMA MKOMAINDO

Masasi unaiona kabla hujafika. Nchi ni tambarare, mikorosho kushoto, mikorosho kulia, halafu ghafla miamba mikubwa ya mviringo inasimama peke yake kama mabeki wa kati. Mkomaindo ni mmojawapo, na jina lake limebebwa na kata na pia na hospitali ya mji, kiasi kwamba mtu akisema anakwenda Mkomaindo lazima umuulize kama anaumwa au anatembea. Mtandi ni mwingine. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, mwanajiolojia aliyezunguka kusini mwa nchi hii mwishoni mwa karne ya 19, aliitazama milima ya namna hii akaipa jina la Inselberg, mlima kisiwa. Leo neno hilo liko kwenye vitabu vya jiolojia dunia nzima.

Chini ya Mtandi liko kanisa kuu la Anglikana. Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika kutoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 ilivamiwa na wapiganaji wa Kingoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, ikaachwa, kisha ikafufuka. Steere huyohuyo ndiye mmoja wa waliokiandikia Kiswahili vitabu vya mwanzo vya sarufi, kwa hiyo hata maneno ya ukurasa huu yana deni kidogo huko.

Jioni, jua likishuka nyuma ya miamba, jiwe linageuka rangi ya njano iliyokolea kisha nyekundu. Mashabiki wa pande zote mbili wanaweza kudai lao.

Kiasi cha kilomita 40 kabla ya Masasi, kama unatokea Nanganga, kuna Ndanda, abasia ya Wabenediktini iliyoanza mwaka 1906. Kuna hospitali, kuna shule, kuna maji ya chemchemi yanayoshuka kutoka ukingo wa uwanda. Mkapa alisoma hapa baada ya Lupaso.

Newala ni safari nyingine. Kutoka Masasi unapanda ukingo wa uwanda, gari linalia, hewa inapoa. Huu ndio mji ambao mtu wa Dar anaombwa aje na koti. Na pembeni kabisa mwa mji, bila kibao cha kutisha wala mlango wa kulipia wa kifahari, ardhi inakatika. Wenyeji wanapaita Shimo la Mungu. Siyo shimo la kuchungulia, ni bonde zima lililofunguka chini ya miguu yako, miti inaonekana kama nyasi za uwanjani ukiwa jukwaa la juu kabisa. Siku isiyo na ukungu macho yanafika bonde la Ruvuma na kuvuka hadi Msumbiji.

Wageni wanapiga picha wanaondoka. Lakini simama hapo ukumbuke kwamba juu ya uwanda hakuna mto. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde kuanza kuyasukuma maji juu katika miaka ya 1950, wanawake waliishuka miteremko ya ukingo huu alfajiri, wakajaza mitungi, wakaupanda tena na mzigo kichwani. Wachezaji wanaolalamika mazoezi ya kupanda mlima wangeletwa hapa wiki moja tu.

UPANDE WA PILI

Kwa shabiki wa kawaida Msumbiji ni jina moja: Luis Miquissone. Agosti 2019 alikuja na UD Songo, akafunga Dar es Salaam, Simba wakatolewa Ligi ya Mabingwa kwa bao la ugenini. Simba, badala ya kununa, wakamsajili Januari iliyofuata. Februari 2021 ni yeye aliyeizamisha Al Ahly kwa Mkapa.

Kwa mtu wa Newala au Nanyumbu, Msumbiji ni mashemeji. Wamakonde na Wamakua wako kingo zote mbili za Ruvuma, na mto haukuwahi kuwatenganisha kama ramani inavyoonyesha. Wachongaji wengi waliofanya kinyago cha mpingo kijulikane duniani walitoka upande ule. Mwaka 2010 Marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza walifungua Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720 za zege juu ya mto.

Vuka huko uombe matapa. Ukiletewa usishangae, ni kisamvu: majani ya muhogo yaliyotwangwa, karanga, nazi. Xima inayokuja nayo ni ugali. Mreno alikaa pale karne kwa karne, akaacha lugha, akaacha mkate na pilipili zenye jina, lakini sufuria la bibi halikumsikiliza. Ukitaka kujua mpaka ni kitu gani, kula pande zote mbili.

Tahadhari ipo. Tangu Oktoba 2017 mkoa wa Cabo Delgado umekumbwa na mashambulizi ya wanamgambo, watu wengi wamekufa na wengine wengi wamekimbia makazi yao. Kuvuka si jambo la kukurupuka baada ya mechi. Ulizia kwanza uhamiaji na wenyeji hali ikoje, na ukiambiwa subiri, subiri.

SIJAONA

Zamani kisingizio kilikuwa barabara, na kilikuwa kisingizio cha haki. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003 kulikuwa na pantoni Ndundu, na masika yakianza basi lilikuwa linaondoka na tarehe ya kufika anaijua Mungu. Hata baada ya daraja, kile kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kutesa watu kwa miaka. Leo lami ipo. Kwa hiyo shabiki anavuka Daraja la Mkapa, anatoka kushangilia kwenye Uwanja wa Mkapa, na bado kwa Mkapa hajafika.

Na kuna sababu ya kutoahirisha. Mtwara walikuwa na Ndanda FC, Wanakuchele, walioingia Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Kwa misimu sita vigogo walikwenda Uwanja wa Nangwanda Sijaona, uliopewa jina la mwanasiasa wa enzi za TANU kutoka Kusini. Gesti zilijaa, bodaboda hazikulala, mama lishe wa Mtwara walijua wiki ya Simba na wiki ya Yanga kama wakulima wanavyojua wiki ya mnada. Mwaka 2020 Ndanda ikashuka. Tangu hapo mkoa haujarudisha timu yake Ligi Kuu. Maelfu waliopita uwanja ule kwa misimu sita, wakala chipsi, wakageuza, waliondoka na jina la uwanja: sijaona.

Sasa Lindi na Mtwara nzima inaning'inia kwenye Namungo. Wauaji wa Kusini wamefika mbali kuliko wengi walivyotarajia, fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF mwaka 2020, hatua ya makundi Afrika msimu uliofuata. Lakini ligi haina ndugu. Msimu mmoja mbaya unatosha, na ukitokea, basi la mashabiki halitakuwa na sababu ya kufika Nanganga kabisa. Shabiki anayekuja na maji yake, mkate wake na kuku wa kukaanga wa Mbagala kwenye mfuko, akaondoka na pointi, ameacha nini huku zaidi ya chupa tupu?

AFCON ya 2027 iliyopewa Tanzania, Kenya na Uganda nayo inakuja na wageni wake. Watapelekwa Serengeti, watapelekwa Zanzibar, na ni sawa. Hawa wa kwetu hawahitaji viza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mechi ikiwa Jumamosi Ruangwa, rudi hadi Nanganga na jioni hiyohiyo unyooshe. Lala Masasi, vyumba vya bei ya kawaida havikosekani karibu na stendi. Asubuhi chai na mihogo ya kuchemsha, shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, utashangaa milango inavyofunguka. Anayetaka Newala apande gari la asubuhi, saa moja kwenye Shimo la Mungu linatosha. Anayetaka Lupaso aulize, kila mtu anakujua. Pale si kivutio cha watalii wala makumbusho, ni nyumbani kwa watu na kaburini kwa baba yao, kwa hiyo hodi inapigwa kwanza, vuvuzela inabaki kwenye gari. Mabasi ya Dar yanatoka Masasi kila siku alfajiri, na akina mama wa korosho wanakuwa wamekwisha kuwasha moto.